Miguu Sita ya Kihenge

Mti wa zamani unapokatwa upya hutoa harufu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mti wenyewe, kavu na yenye utamu kidogo, na ya pili ni ya yote ambayo mti huo umeyashika kwa miaka mingi: moshi, samadi, jasho la ng'ombe, vumbi la nafaka. Nilikutana na harufu hiyo mwezi uliopita mjini Katoro, kando ya barabara iendayo Ushirombo, mahali ambapo vijana huuza miti ya kushikizia kuta za mashimo ya dhahabu. Wachimbaji huiita miti hiyo matimba, neno waliloliokota kwenye Kiingereza cha mafundi wa migodi na kulivalisha nguo za kwetu. Kijana mmoja alikuwa akipunguza mti kwa msumeno. Mti huo haukutoka porini. Ulikuwa na panda juu, na ndani ya panda palikuwa laini kama kiganja, dalili kwamba kitu kizito kilikaa hapo miaka mingi.

"Shikamoo mzee. Unahitaji matimba mangapi?"

"Marahaba. Mti huu ulikuwa wa nini kabla haujafika hapa?"

"Tumeutoa kwenye mji wa watu huko Runzewe, mzee. Nguzo ya zizi, au ya ghala, sijauliza. Nguzo ni nguzo tu."

Mwenzake, aliyekuwa amejilaza juu ya bodaboda yake, akainua kichwa. "Mpunguzie bei mzee wa watu. Huoni ameupenda? Anataka kuuoa huo mti."

Walicheka, nami sikuwalaumu. Mzee wa umri wangu aliyesimama barabarani akinusa kipande cha mti anastahili kuchekwa. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimeghadhibika, na ghadhabu hiyo haikuwa juu yao. Ilikuwa juu ya mtoto mmoja wa miaka kumi na mmoja, ambaye alitamka maneno yaleyale kabla vijana wale hawajazaliwa, na aliyatamka mahali ambapo yalikuwa na uzito. Mtoto huyo ni mimi. Habari zake sijapata kumsimulia mtu, hata mke wangu, na ninaziweka hapa kwa sababu ninyi mnaosoma hamnijui uso.

Nimeitumikia lugha maisha yangu yote, darasani kwanza na baadaye katika ukaguzi wa shule. Watu hunijia na maswali ya asili ya maneno, na ninapoweza huwajibu. Dirisha lilitoka Kiajemi. Bawaba ni ya Waarabu, na huko kwao ni lango zima, si kile kipande cha chuma tunachokipigilia misumari. Kilindo, lile pipa la magome ya mti ambalo bibi zetu walihifadhia mbegu, kimetokana na kulinda, na hilo linaonekana bila kuhitaji msomi. Wapo watakaokuapia kwamba boma ni kifupisho cha maneno manne ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye malango ya wakoloni. Huo ni uzushi wa vijiweni, nami nimeukataa mbele ya watu wazima hadi wakaninunia. Kuhusu kihenge, sina la kusema. Hakuna kamusi niliyoifungua iliyonitosheleza, na jambo nisilokuwa na hakika nalo silisemi. Tabia hii watu huiita ukali. Nitaeleza ilikotoka.

Mji wetu, yaani kaya yetu na ua wake, ulikuwa upande wa Shinyanga, kwenye mteremko mdogo wa ardhi nyekundu uliozungukwa na minyaa. Katikati ya ua kilisimama kihenge cha babu yangu, ambaye kwa Kisukuma tulimwita Guku. Kwa wale waliokulia mjini niseme kwamba kihenge ni ghala lililosukwa kwa fito kama kikapu, pana kama chumba, likapigwa udongo na samadi kwa ndani na kwa nje, likavikwa kofia ya nyasi. Kofia hiyo huinuliwa mtu anapotaka kuchota. Chetu kilikaa juu ya miguu sita, na chini yake palikuwa na kivuli ambamo mimi na wadogo zangu watatu tulicheza bao la vishimo, huku mtama ukinong'ona juu ya vichwa vyetu kila panya alipojaribu bahati yake. Kiangazi kizima ua wetu ulinukia nafaka kavu. Mtu mzima angeweza kugonga ubavu wa kihenge kwa vifundo vya vidole na kutambua kwa mlio wake chakula kilikuwa kimefika wapi. Mama alikigonga kila asubuhi, kama mganga anavyogonga kifua cha mgonjwa, kisha ndipo akaamua apike kiasi gani. Watu saba tuliishi kwa mlio huo.

Mwaka ninaousimulia tuliamriwa kuhama. Watu wote waliokaa kwa kutawanyika walipaswa kwenda kukaa pamoja katika kijiji kipya, mwendo wa siku mbili kwa mkokoteni wa ng'ombe. Sitaingia katika ubishi wa kama lilikuwa jambo jema au baya. Nilikuwa mtoto, na niliyoyasikia wakati ule yalikuwa manung'uniko ya watu wazima. Ninalolijua ni kwamba balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole aliyeogopa waliomtuma, alikuja akasema tuna siku nne. Baba alitangulia na ng'ombe siku hiyohiyo ili awajengee zizi, akituachia wale wa kuvuta mkokoteni. Kazi ya kufumua mji ikabaki kwa Guku, mama na mimi.

Guku hakufumua mji kwa haraka. Kwake yeye jengo lilikuwa na mpangilio wa kuingia na wa kutoka, kama watu kanisani. Kofia ya kihenge ilitoka kwanza, kisha nafaka ikapakiwa kwenye magunia, kisha lile kapu kubwa likainuliwa na majirani kumi na wawili, wakalilaza juu ya mkokoteni huku wakilitukana kana kwamba ni ndama mkaidi. Ndipo ilipofika zamu ya miguu.

"Karani," Guku akaniita. Hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipoanza kuandika. "Njoo na msumari wako. Miti hii ina majina, na huko tuendako baba yako lazima akute kila mmoja na jina lake."

Nilikuwa nimekata debe la mafuta ya taa vipande vipande, nikavinyoosha kwa jiwe, na juu ya kila kipande ningekwangua jina kwa msumari, kisha nikifunge kwenye mti kwa kamba ya katani. Nilijiona mtu mkubwa sana. Katika familia yetu hakuna mwingine aliyejua kusoma isipokuwa baba, naye alisoma kwa kufuatisha kidole.

Desturi ya kwetu ilikuwa kwamba majina ya miguu ya kihenge hutajwa siku ya kusimamisha na siku ya kung'oa tu. Siku nyingine yana kazi gani? Kihenge husimama miaka thelathini. Guku aliyasikia kwa baba yake mara moja, naye sasa alikuwa akiyatoa mara moja. Aliweka kiganja juu ya kila mti, akatamka jina, akaeleza lilikotoka.

Mguu wa kwanza jina lake lilitokana na kupiga goti, kwa maana ulikaa upande wa juu wa mteremko na ulikuwa mfupi. Wa pili ulitokana na kubeba mtoto mgongoni. Ndio uliopokea uzito kapu lilipojaa. Wa tatu jina lake lilitokana na mkwe. Huyu alisimama upande wa kuchotea, na ilikuwa marufuku kumwegemezea ngazi, jembe au chochote, kwa sababu panya wangepata daraja.

"Mama mkwe wako utamwegemea?" Guku aliniuliza.

"Hapana, Guku."

"Ukimwona njiani utafanya nini?"

"Nitaingia porini."

"Vizuri. Na mti huu hivyohivyo. Mheshimu ukiwa mbali." Mama, aliyekuwa akifunga magunia, aligeuka akaficha kicheko chake kwenye khanga, kwani Guku alikuwa mkwe wake na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama machoni; kisha akabeba gunia kulipeleka mkokotenini, asisikie yaliyofuata.

Mitatu hiyo ilikuwa ya mninga, kiini kigumu cha mti, na ilichimbiwa ardhini. Mitatu iliyobaki ilikuwa ya mti mwepesi, nao walikuwa wageni. Kila mgeni alikuwa na jina lake, ila asili ya majina yao ilikuwa moja: mtu aliyekaribishwa kigoda. Mgeni hakai chini. Kwa hiyo miguu hiyo ilisimamishwa juu ya mawe bapa, kamwe si ndani ya udongo, kwa kuwa mchwa huupenda mti huo kuliko ng'ombe apendavyo chumvi. "Hawa hawali udongo," alisema, akapiga kila mmoja kofi dogo. "Ukimlisha mgeni udongo, atakuaibisha."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Shuleni tulikatazwa kusema Kisukuma. Aliyeponyokwa na neno la nyumbani alimwagilia bustani ya mwalimu wiki nzima, nami nilikuwa nimemwagilia bustani hiyo mpaka mchicha ukanizoea. Katika kitabu chetu cha kusomea palikuwa na picha ya nyumba yenye mishale: paa, ukuta, mlango, dirisha, nguzo. Neno moja kwa kila kitu, yote safi. Nilipoinama na msumari wangu juu ya kipande cha kwanza cha bati nilijiuliza mwalimu angesema nini akiona mwanafunzi wake ameandika kishenzi, kama tulivyofundishwa kuita. Nikaandika NGUZO. Kwenye kipande cha pili nikaandika NGUZO. Nikaandika hivyo mara sita kwa herufi kubwa zilizonyooka, na niliona fahari.

Guku akaniambia nimsomee.

"Nguzo."

"Na huyu?"

"Nguzo."

"Na mkwe?"

"Nguzo, Guku."

"Wageni je?"

"Nao ni nguzo. Hizi zote Kiswahili chake ni nguzo."

Akanitazama, akautazama mti, akanitazama tena. "Shule yenu ina maneno machache," akasema. Kisha akainua mabega. "Haidhuru. Mimi mwenyewe nitakuwepo."

Jioni hiyo aliagiza miguu yote sita ipakwe mchanganyiko wa jivu na samadi mbichi kutoka juu hadi chini ili wadudu wasiishambulie safarini. Nami nilipaka. Nilipomaliza, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kutofautisha mninga na mti mwepesi kwa macho.

Siku ya pili ya safari, tukiwa tumepumzisha ng'ombe kwenye bonde la kijito kikavu, Guku alitaka kusimama akashindwa. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa. Mdomo ulivutwa chini, na sauti iliyotoka haikuwa maneno. Tulimlaza juu ya magunia ya mtama, akafika kijiji kipya akiitazama mbingu.

Kijiji kilikuwa mistari. Ardhi ilikuwa tambarare na nyeupe, viwanja vimepimwa kwa kamba, na upepo ulipita bila kukuta kitu cha kuuzuia. Baba alikuwa ameshajenga zizi. Wiki ya pili akaanza kihenge, kwa kuwa nafaka ilikuwa kwenye magunia na panya walikwishaipata habari. Akatoa miti mkokotenini, akailaza chini mmoja mmoja, akasoma bati la kwanza kwa kidole chake. Akasoma la pili. Akasoma yote sita, kisha akaniita.

"Mwanangu, ipi ni ipi hapa?"

Wasomaji wangu, nimelirudia swali hilo kichwani zaidi ya sala yoyote niliyofundishwa. Nilikumbuka kwamba mitatu ilikuwa ya ardhini na mitatu ya juu ya mawe. Nilikumbuka goti, mgongo, mkwe na kigoda. Lakini ni mti upi kati ya ile iliyolala pale kama mamba sita wa tope, sikujua. Mama alikuwa kando na wadogo zangu, na majirani wageni waliokuja kusaidia walinitazama, mtoto wa shule ambaye babu yake alimwita karani.

"Zote ni nguzo, baba," nikasema. "Kitabu ndivyo kinavyosema. Hazina tofauti."

"Babu yako hakusema neno lolote?"

"Alisema niandike nguzo."

Huo ulikuwa uongo, na ulitoka kwa urahisi. Baba akatafakari. Akasema labda achanje kila mti kidogo kwa panga atazame kiini chake, ajue mgumu ni upi. Jirani mmoja akacheka akasema, "Bwana, una mtoto msomi unahangaika na panga? Jua linakwenda." Baba akalirudisha panga kwenye ala. Alikuwa mtu aliyeheshimu maandishi kupita kiasi, kama watu wengi wanaoyasoma kwa shida. Akachagua mitatu mirefu akaichimbia, na mifupi akaiweka juu ya mawe, kwa sababu kwa mtu asiyejua, hilo lilionekana jambo la busara.

Guku alikuwa ameketishwa juu ya ngozi ya ng'ombe mlangoni, fimbo ikiwa katika mkono wake wa kushoto. Tangu shimo la kwanza lilipoanza kuchimbwa alianza kupiga. Alipiga ardhi, kisha alijinyoosha kwa taabu akapiga jiwe la kusagia lililokuwa karibu naye. Ardhi, jiwe. Ardhi, jiwe. Koo lake lilitoa mkoromo. Mama alisema ana njaa, jiwe la kusagia limemkumbusha chakula, akamletea uji. Aliutema. Akapiga tena. Mama akampangusa kidevu akasema, "Anaulilia mji wake, maskini." Mimi nilikuwa nimeshika mti wa tatu usiyumbe huku baba akishindilia udongo, na nilimwona Guku akinitazama mimi, si kihenge. Nilielewa. Sisemi nilielewa yote. Nilielewa kwamba alikuwa akituambia jambo na kwamba lilihusu niliyoyaandika. Nikageuza uso.

Alikufa kabla mvua hazijaanza.

Mvua zilikuja kwa nguvu mwaka ule, zikatulia, zikaja tena. Mama aliendelea kugonga ubavu wa kihenge kila asubuhi. Ilikuwa katikati ya miezi ile migumu, mahindi mapya yakiwa yamefika magotini tu, asubuhi yenye manyunyu, tulipokuwa tumezunguka chungu cha uji. Hatukusikia kishindo. Tulisikia mguno mrefu, kama wa ng'ombe mzito anayejilaza, kisha kapu lote likainama kana kwamba linatafuta kitu lilichodondosha, likapasuka. Mtama ukamwagika kwenye tope. Mvua ikaongezeka papo hapo. Tulizoa kwa masufuria, kwa khanga, kwa kofia ya baba, lakini udongo uliunywa mtama ule mbele ya macho yetu. Tuliookoa ulichipua ndani ya siku tatu na kunuka uchachu. Tuliula hivyohivyo mpaka mdogo wangu wa mwisho akaanza kuhara damu.

Baba aliichimbua miguu. Miwili kati ya ile mitatu ya ardhini ilikuwa ganda tupu. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu wakaacha umbo. Ule wa tatu, pamoja na miwili iliyokuwa juu ya mawe, aliichanja kwa panga. Ilikuwa mninga, myekundu na mizima. Kisha akaniita.

"Mwanangu, babu yako alisema nini kuhusu miti hii?"

"Sikumbuki, baba."

Hakunipiga. Hakurudia swali. Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayekubali habari iliyochelewa, akaenda kuosha panga.

Wiki hiyo alipita mtu aliyesema kwamba upande wa Geita watu walikuwa wakiosha mchanga wa dhahabu katika mito, na kwamba mwenye mikono miwili hakosi chakula cha watoto wake. Mtu huyo hatukumjua. Baba alimsikiliza kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsikiliza: ng'ombe walikuwa wamekonda hata mnunuzi hakuwatazama mara mbili, na majirani walikuwa wakigonga vihenge vyao kwa wasiwasi wao. Aliondoka alfajiri na jembe, kikombe cha bati na blanketi. Mama alimfungia mtama uliochipua, uliokaangwa. Baba aliniwekea mkono kichwani akasema, "Usome." Hakuongeza neno, nami nilishukuru kwamba hakuongeza, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kulia na kusema yote. Kama angesimama dakika moja zaidi ningesema. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi. Sasa sijidanganyi. Nisingesema.

Mavuno yakaja, baba hakuja. Zikaja habari. Mtu wa kwanza alisema kingo za mto zilimwangukia na kwamba yeye mwenyewe alishika koleo kumfukua. Tulipomuuliza alivaa nini, alitaja shati ambalo baba hakuwa nalo. Wa pili alisema yuko hai, ameoa mwanamke wa Kizinza na anavua samaki. Wa tatu alimwona Runzewe akiwa amefungwa bandeji kichwani. Wa nne alitaka alishwe kwanza ndipo aseme, na mama alipomlisha, yule mtu akasema kwamba aliyemwona alikuwa mtu mwingine. Nilikuwa nimesimama karibu na mama kila mara, nikimtazama anavyomeza kila habari kwa zamu, akimwombea mumewe Jumapili moja kama marehemu na Jumapili ifuatayo kama msafiri. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameshazikwa wakati huo. Ndiyo maana habari za kusikia nazichukia, na sijali watu wananiitaje.

Mapadre walinichukua katika shule yao, nikasoma, kama nilivyoagizwa. Nilipopata mshahara na baiskeli nilianza kuyatafuta majina ya miguu sita. Maana zake ninazo zote, kama mlivyoona. Maneno yenyewe, sauti aliyoitoa Guku huku kiganja chake kikiwa juu ya mti, yameniponyoka. Niliyasikia mara moja tu, na mkononi nilikuwa na msumari wa kuyahifadhi. Niliwaendea wazee kuanzia Kahama hadi Bukombe, nikaketi kwenye vigoda vyao na daftari. Mmoja aliniambia miguu haikuwa na majina. Mwingine alinipa majina sita kwa kasi, na nilipomrudia baada ya wiki mbili akanipa sita mengine. Kila koo ilikuwa na yake, au ilikuwa nayo zamani. Na vihenge vilikuwa vinapungua. Watu walihamia kwenye magunia na nyumba za bati, na miti yao mikongwe ikaanza safari ya kwenda mashimoni.

Siku moja, kwa udhaifu ambao bado unanitia aibu, niliandika makala fupi katika jarida la walimu. Humo nilikisia neno moja, lile la mguu wa kubeba mtoto. Niliandika wazi kwamba nilikuwa nakisia. Baada ya miaka mingi kijana mmoja wa chuo alinijia nyumbani, mwenye adabu na kinasa sauti, akanieleza kwa furaha kwamba amepata kwa wazee wa Ushirombo jina la kale la mguu wa kihenge, lililorithishwa tangu enzi za watemi. Akalitamka. Lilikuwa neno langu, pamoja na kosa la tahajia la mpiga chapa.

Tangu siku hiyo niliacha kutafuta. Hata kama neno la kweli lingeletwa mbele yangu leo, ningelitambuaje? Shahidi wa mwisho alipiga ardhi na jiwe kwa fimbo, akapewa uji.

Nilichokielewa baadaye, na nilikielewa nikiwa nimeshazeeka, ni kwamba Guku hakunipa majina. Alinipa kazi ya kusimamisha chakula cha watu saba, ikiwa imefungwa ndani ya majina ili iwe nyepesi kubeba. Mimi niliona maneno tu, nikayapima kwa kipimo cha shule, nikayakuta hayafai. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyenificha kitu. Nilikuwa nimeambiwa kila kitu, kwa utaratibu, katika mwanga wa jua, na mtu aliyejua.

Mama aliishi mpaka akanizidi kwa udogo. Mwishoni ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja. Wiki yake ya mwisho padre alikuja kuandika habari zake kwenye kitabu cha parokia, akamuuliza kama ameolewa au ni mjane. Mama alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyesoma. Mwambie padre mimi ni nani."

"Sijui, mayu," nikasema.

Alinitazama bila hasira, kisha akamwambia padre aandike jina lake tu. Padre alingoja kidogo, kalamu ikiwa juu ya karatasi, akidhani kwamba nitaongeza neno. Akaruka mstari wa ndoa, akaendelea na tarehe ya ubatizo.